Siku nne za mvua Roma, mimi na mama

Leo tangu alfajiri inanyesha hapa Moshi, ile mvua ya taratibu isiyo na radi, mlima hauonekani kabisa na mbele ya duka maji yameshaanza kupita juu ya lami badala ya mtaroni maana mtaro umejaa chupa na mchanga. Wateja hamna. Nimekaa na chai yangu ya tangawizi nikasema ngoja niandike ile safari ya Roma, watu wameniuliza sana tangu turudi na mimi nawajibu tu "ilikuwa nzuri" halafu naendelea na kazi. Sio haki. Siku sita tulizokaa kule nne zilinyesha, na kwa moyo wote nawaambia ukinipa nichague upya nachagua hizo hizo nne.

Kwa asiyenijua, nauza vifaa vya ujenzi, hasa mambo ya paa. Bati, kofia za bati, gata, misumari. Kwa hiyo jicho langu limeshaharibika, mtu akinionyesha nyumba yake mpya yeye anasubiri nisifie madirisha, mimi naangalia maji ya paa yanaangukia wapi na yakishaanguka yanaelekea wapi. Hilo jicho ndo nilienda nalo Roma.

Ilikuwa Novemba 2025, hija ya mwaka wa Jubilei, yaani mwaka mtakatifu wa Kanisa Katoliki, parokia yetu tulikuwa watu 26 na wengi ni wazee. Mama ana miaka 68 na hajawahi kupanda ndege, mimi nilienda kumshika mkono. Tukatoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, tukaunganisha Addis Ababa, asubuhi tuko Roma. Sasa kuna jambo limenikaa moyoni mpaka leo na lazima niliseme: wakala aliyetupangia safari alituambia Novemba kule kuna kibaridi tu, sweta inatosha. Jamani Novemba ni kati ya miezi yenye mvua nyingi Roma! Bibi mmoja kwenye msafara alikuja na kandambili za ngozi na soksi, mzee mwingine na kiatu cha soli laini kama sahani. Wazee waliochangia mwaka mzima, wengine wameuza ng'ombe, wanastahili kuambiwa ukweli wajiandae. Ukienda miezi hiyo beba raba yenye meno chini, koti la mvua la kweli na soksi jozi za kutosha, hayo mengine utanunua hukohuko.

Siku ya pili asubuhi ilimwagika hasa. Kiongozi wa msafara akasema anayetaka kupumzika hotelini apumzike tu, hakuna ubaya. Nikamwangalia mama. Alikuwa ameshajifunga kitenge kichwani.

"Mimi sikutoka Kibosho kuja kulala. Mvua nimeikuta duniani."

Basi tukatoka watatu, mimi, mama na Sista mmoja Mtanzania anayesoma kule, Mungu ambariki, alikuja kumwamkia mama tu, "shikamoo mama", akaishia kututembeza siku nzima. Mlangoni vijana wanauza miamvuli na yale makoti ya plastiki, wametaja euro 10 tukaongea mpaka 5. Mama koti la plastiki alilikataa katakata, akasema hilo rambo vaa wewe.

Mitaa ya katikati ya Roma imetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba, wenyewe wanaviita sampietrini, vikilowa vinateleza kama sabuni. Nilikaribia kuanguka mara mbili. Mama hakuteleza hata mara moja. Nikamuuliza wewe unafanyaje, akasema kanyaga kwenye maungio ya jiwe usikanyage mgongo wake, na weka mguu kwa upande kama unashuka shambani na ndizi kichwani. Miaka yote nimemwona akishuka vile kihambani, shamba letu la migomba, sikujua ni utaalamu.

Tukafika Pantheon, lile jengo la kale la Warumi lenye kuba. Hapa naomba mnivumilie nitakaa muda.

Mbele kuna nguzo 16 za granaiti, kila moja ni jiwe moja zima lililotolewa Misri, na siku ile watu kibao walikuwa wamejibanza katikati ya nguzo kukwepa mvua. Mama akaweka kiganja kwenye mojawapo akauliza, hili ni jiwe moja? Sista akamwambia ndiyo mama, limekuja kwa merikebu. Mama akanyamaza, akalipapasa tena. Tukalipa euro 5 kila mmoja tukaingia.

Juu kabisa ya kuba kuna tundu. Sio dirisha, halina kioo, halina kifuniko, ni tundu la duara lenye upana unaozidi mita saba, liko wazi kwa mbingu tangu lijengwe karibu mwaka 126 enzi za kaisari Hadrian. Na mvua ilikuwa inaingia. Inashuka ndani ya jengo kutoka mita 43 juu, na kwa sababu inatoka mbali hivyo haishuki kama mvua ya nje, inatawanyika, inakuwa nyembamba, inapita kwenye ule mwanga wa tunduni unaona tone moja moja.

Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba haina sauti. Sisi huku mvua ndani ya nyumba unaisikia kabla hujaiona, bati linapiga kelele mpaka padre anakatisha mahubiri, anasubiri ipungue ndo aendelee. Pale ni kinyume, unaiona na husikii kitu. Mamia ya watu wamesimama pembeni wamezunguka duara wanaangalia juu na hakuna anayeongea kwa sauti, katikati wameweka kamba watu wasikanyage palipolowa. Mama akanishika mkono akanong'ona, "Ruwa." Hilo tu. Kwa Kichagga ndo Mungu.

Mimi baada ya kuangalia juu nikaangalia chini, jicho langu ndo hilo. Sakafu ya marumaru ile sio tambarare. Ukiinama ukaitazama usawa wa jicho unaona katikati imeinuka kidogo sana, mgongo mdogo tu, mguu hausikii. Fundi ameweka slopu. Na kwenye marumaru yenyewe kuna vitundu vidogo, Sista akasema viko 22, maji yanaingia humo yanakwenda kwenye mfereji ulio chini ya sakafu. Mama akaanza kuvihesabu kutoka nyuma ya kamba, akafika 19, vingine watu walikuwa wanamziba. Nilisimama pale nikiangalia maji yanatembea yenyewe kuelekea vitunduni, hakuna ndoo, hakuna mopa, hakuna mtu anakimbizana nayo, yanajua njia. Machozi yalinitoka, nawaambia kweli. Kila siku nauza gata kwa watu wanaoniambia "hiyo tutaweka mwakani", halafu mwakani ukuta umeshaoza chini, na hapa kuna mtu aliacha tundu juu makusudi na kabla hajaliacha alishajua kila tone litakwenda wapi.

Kuba lenyewe ni zege. Zege tupu halina nondo hata moja, na mpaka leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo duniani linalolizidi ukubwa. Chini ukuta wa kuba una unene wa zaidi ya mita sita, ukipanda unapungua, kule kwenye tundu inabaki mita moja na kitu. Na kokoto walizibadilisha kadiri wanavyopanda, chini mawe mazito, juu yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu. Kilichoshikilia ni chokaa na majivu ya volkano, ambayo mafundi wa saruji wanaita pozolana, jina limetoka mji wa Pozzuoli karibu na Napoli. Ni aina ile ile inayochimbwa kwetu Holili, malori tunayapisha barabarani kila siku yakipeleka viwandani. Nilikuwa naijua pozolana kama vumbi tu la kwenye lori.

Sista akasimulia kwamba zamani watu waliamini mvua haiingii tunduni kwa sababu joto la mishumaa linaisukuma irudi juu. Mama akaangalia sakafu inavyometameta kwa maji, akasema mishumaa na sisi tunayo na paa likiamua kuvuja linavuja.

Alifurahi zaidi alipoambiwa hili ni kanisa. Alidhani ni makumbusho. Hekalu la miungu ya Warumi lilifanywa kanisa mwaka 609 na Papa Bonifasi wa Nne, kwa jina la Bikira Maria na Mashahidi, na misa inasomwa mpaka leo. Siku ya Pentekoste zimamoto wanapanda juu ya kuba wanamwaga petali nyekundu za waridi kupitia lile tundu zinawashukia waumini. Mama akatoa rozari yake akasali fungu zima amesimama, mvua mbele yake, na mimi nikasimama naye. Sikumbuki kama nimewahi kusali na mama hivyo, bila haraka.

Kabla hatujaondoka Sista akatuonyesha kitu ambacho watalii wengi wanapita tu. Nyuma ya Pantheon hatua chache kuna kanisa la Santa Maria sopra Minerva, na ukutani upande wa kulia kuna vibao vya marumaru vinavyoonyesha maji ya mto Tiber yalifika wapi miaka ya mafuriko. Cha mwaka 1598 kiko juu kuliko vyote, mafuriko ya Krismasi yale. Eneo lile liko chini, mto ukijaa maji yanakuja pale, wao kila yakija wanapiga alama na mwaka. Nikakumbuka duka letu. Kuna mwaka maji yaliingia mpaka goti yakaacha mstari ukutani, na tulichofanya ni kupaka rangi juu yake wiki iliyofuata. Sasa hivi ukiniuliza ulikuwa mwaka gani sijui kukwambia.

Tukaendelea kwenda kwenye chemchemi ya Trevi, mvua imepungua imebaki manyunyu, na kwa kuwa ni mvua watu walikuwa wachache, mama akafika mpaka ukingoni bila kusukumwa. Pale siku za jua naambiwa hupati hata pa kuweka mguu. Sasa sikilizeni hii. Juu ya zile nguzo za mbele za Pantheon kuna maandishi makubwa ya Kilatini yanasema Marcus Agrippa ndiye aliyejenga, yeye alijenga la kwanza kabla halijaungua na Hadrian aliporudia akaliacha jina la mwenzie. Huyo huyo Agrippa ndo alileta maji yanayotoka Trevi, mwaka 19 KK, kwa mfereji wa kilomita 20 hivi ambao sehemu kubwa umepita chini ya ardhi, na mfereji huo bado unaleta maji! Ile chemchemi yenyewe yenye masanamu ilimalizika 1762 tu, lakini maji ni ya njia ya Agrippa. Na Sista akaongeza kwamba wakati Agrippa ana cheo cha kusimamia mji alisafisha mitaro mikuu halafu akaingia ndani kwa mashua akapita chini ya mji akatokea mtoni, akague mwenyewe. Kiongozi mkubwa, rafiki wa kaisari, ndani ya mtaro.

Mama akasema, "Kumbe alikuwa mzee wa mfongo."

Kwa wasio wa huku, mfongo ni mfereji wa asili wa Wachagga, unatoa maji kwenye korongo huko juu unayazungusha pembeni ya mlima mpaka yafike kihamba cha kila mtu, bila pampu, kwa kujua tu ardhi inalala vipi. Mingine ina umri wa karne na zaidi. Babu yangu mzaa mama alikuwa kati ya wazee wa mfongo wao, wanapanga zamu, leo maji kwa fulani asubuhi, kwa fulani jioni, na siku ya kuzibua kila boma linatoa mtu na jembe, usipokuja unatozwa. Mama akiwa msichana ndiye aliyekuwa akitumwa usiku na taa ya chemli kwenda kuangalia kama maji yamefika au jirani ameyakata. Hizi habari zote alinisimulia pale Trevi, tumesimama chini ya mwamvuli mmoja, watu wanatupa sarafu majini na yeye anasimulia Kibosho ya mwaka sitini na kitu. Nimezaliwa na huyu mama, nimekaa naye miaka yote, na ilibidi twende Italia tukashikwe na mvua ndo anisimulie taa ya chemli.

Alitupa sarafu na yeye, baada ya kuhakikishiwa kwamba zinakusanywa na Caritas, shirika la misaada la Kanisa, kwa ajili ya maskini.

Colosseum, uwanja wa kale ambako watu na wanyama walipiganishwa, tulienda siku iliyofuata na msafara wote na sitaandika mengi, picha zake mmeona kila mahali. Mvua ilikuwa na upepo, miamvuli inageuka ndani nje. Ni kubwa, walianza kaisari Vespasian akafungua mwanae Titus mwaka 80, na bonde lile kabla yake lilikuwa ziwa la kuchimbwa la kaisari Nero, wakalikausha wakajenga. Yaani kabla ya jiwe la kwanza ilibidi wajue maji ya bonde lile yatakwenda wapi, nikawa natafuta mitaro tu wakati wenzangu wanatafuta simba. Mama hakutaka kukaa. Alisimama mbele ya msalaba uliowekwa pale kwa kumbukumbu ya mashahidi, akasali, akaniambia twende, hapa watu walikaa wakila huku wanaangalia wenzao wanakufa. Nikamwelewa. Ijumaa Kuu Njia ya Msalaba inafanyika pale, nadhani siku hiyo ndo siku yake.

Jioni tukashuka mtoni karibu na daraja lililokatika, Ponte Rotto, yale mafuriko ya 1598 ndo yalilibomoa na halikujengwa tena, limebaki tao moja limesimama peke yake katikati ya maji. Mto umejaa, rangi ya udongo kabisa kama mto wetu Weruweru wakati wa masika. Karibu na hapo kwenye ukuta wa mto kuna tao la mawe, ndo mdomo wa Cloaca Maxima, mtaro mkuu uliokausha eneo la soko lao tangu enzi za wafalme, miaka 500 na zaidi kabla ya Kristo. Wenzetu kwenye basi waliona ajabu mtu kupiga picha mtaro. Nilipiga 14. Kuta ndefu zinazozuia mto zilijengwa baada ya gharika ya Desemba 1870, na zimewasaidia kweli, ila nilisikitika kidogo kwamba ukiwa barabarani juu huuoni tena mto mpaka uchungulie.

Siku ya Mlango Mtakatifu, ule mlango wa kanisa la Mtakatifu Petro unaofunguliwa mwaka wa Jubilei, nayo ilinyesha. Tulipanga mstari Piazza Pia, kundi likapewa msalaba wa mbao, tukaanza kutembea kuelekea kwa Mtakatifu Petro tukiimba, na wazee wetu ambao hotelini walikuwa wanalalamika magoti sikusikia mtu akilalamika. Yule bibi wa kandambili tulikuwa tumeshamnunulia viatu, tulichanga. Mvua ilipozidi tukaingia chini ya zile nguzo za Bernini, ziko 284, mistari minne imezunguka uwanja kama mikono miwili, na mtu anaweza kuona ni mapambo tu mpaka siku utakayokuwa na mzee wa miaka 74 analowa na anatetemeka, ndo utajua ni kibaraza. Tulikaa pale kama nusu saa, watu wa mataifa yote, Wabrazili, Wapolandi, Wafilipino, mtu anampa mwenzie kahawa ya chupa hawaelewani hata neno. Ilipopungua tukaendelea. Mama alipita amegusa mlango kwa mkono wa kulia, kitenge kimelowa chote, na sijawahi kumwona mzuri vile.

Hiyo ndo safari. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi jumuiya ilikutana nyumbani kwetu, akina mama wamejaa sebuleni wanataka habari za Roma, wanataka kusikia Papa Leo, dhahabu, masanamu. Mama akatoka nao uani, akachukua kijiti, akachora duara kubwa kwenye udongo na jingine dogo katikati, akaanza kutoboa vitundu kimoja kimoja akihesabu kwa sauti mpaka 22.

Jirani mmoja akauliza, sasa mvua ikinyesha katikati ya misa watu wanakaa wapi?

"Pembeni," mama akasema, na akaendelea kuchora mfereji.